Saa Saba Kasorobo

Wenye pesa huja soko lingali na umande.
Mimi huja saa saba kasorobo,
meza zinapoanza kukunjwa miguu
na Gergely anayapima makreti kwa jicho:
haya ya kurudi shamba, haya ya nguruwe,
na yale ya katikati, ambayo ndiyo yangu.
Chelewa chelewa, walinionya utotoni.
Hawakulijua soko la Jumamosi hapa Szeged.
Ukichelewa unamkuta muuzaji amechoka,
na muuzaji aliyechoka ana huruma kuliko padri.

Pensheni nimeigawa kwenye bahasha:
gesi, dawa ya presha, mshumaa wa Vilmos makaburini,
na ya chakula, nyembamba kama bitana.
Forinti elfu mbili na mia nne.
Nilizihesabu kwenye ngazi,
nikazihesabu tena ndani ya tramu,
kana kwamba fedha huzaana zikiguswaguswa.

Lakini najua mambo.
Najua nyanya iliyopasuka ubavu
huiva chunguni sawa na dada yake mwenye sura.
Najua figili huuzwa na majani yake,
na majani hayo ni supu ya Jumapili
ambayo hakuna aliyekumbuka kuitoza bei.
Najua kutopapasa nisichonunua:
mkono unaopapasa hujifunza kutamani.

Jumamosi ile nilikuwa nambembeleza Gergely
apunguze hamsini kwenye kilo ya plamu zilizolegea,
sarafu ikamtoka.
Haikulia. Iliangukia majani ya kabichi.
Mia mbili, ile ya rangi mbili.
Mfuko wa aproni yake ulikuwa umeachia
(nimeshona mavazi ya waigizaji miaka thelathini na mmoja,
mshono ulioachia nauona kabla sijamwona mwenye nguo).
Mguu wangu ukasogea. Sikuutuma.
Kiatu kikaikalia sarafu,
na mdomo, mdomo haukukatiza hata neno:
"Hamsini tu, Gergely, tazama hii ilivyopondeka."

Akapunguza.
Akaongeza na fungu la kotimiri, bure, "la supu yako, Bi Etelka."
Nikashukuru. Nikainama kufunga kamba za kiatu
kisicho na kamba.

Plamu zilichemka zikawa tamu kupita haki.
Sarafu sikuinunulia kitu.
Mia mbili! Haifiki hata robo ya mkate.
Niliiweka dirishani, karibu na miwani,
ikawa inanitazama kwa rangi zake mbili
kama mtu mwenye kauli mbili.
Jumatano nikaigeuza.
Upande wa pili nao ulikuwa na macho.

Jumamosi iliyofuata nilifika asubuhi,
nikapangana na wenye pesa na vikapu vyao vya ukindu mpya.
"Bi Etelka! Saa hizi bei ni kamili!"
"Vua aproni," nikamwambia.
Nikakalia kreti lililopinduliwa, nyuma ya vitunguu vya Makó,
nikatoa sindano, uzi mweusi wenye nta.
Yeye akauza bila mfuko,
chenji ameifumbata, pilipili hoho anapima kwa mkono mmoja,
wateja wakimcheka.
Nikapiga mshono wa kurudi nyuma, mara mbili,
na ndani ya pindo, mahali ambapo kidole cha mwanamume hakichunguzi,
nikafungia kitu kidogo cha duara.

"Haya, bei gani?" akaniuliza,
kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya saa saba.
"Na utapunguza hamsini?"

"Nimeshalipwa," nikasema,
nikakata uzi kwa meno.

Nikaondoka bila kununua hata kotimiri.
Nikazunguka mtaa, nikaketi kituo cha tramu,
bahasha mapajani,
nikisubiri meza zianze kuchoka.